Siku 30 za Kutetea Ajira
Mada iliyosomwa katika mkutano wa wananchi kuhusu msaada wa kisheria



Mwanasheria wa kazi haonekani mahakamani tu. Baada ya shahada, mafunzo ya vitendo na kuapishwa kuwa wakili, sehemu kubwa ya miaka yake hupita katika ofisi, viwanda na maghala, akipekua daftari za mahudhurio na kusikiliza pande mbili zisizoaminiana. Huko ndiko ajira nyingi huokolewa au kupotea.

Msingi wa kazi hiyo ni Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya mwaka 2004. Sheria inamtaka mwajiri anayemwachisha mtu kazi athibitishe mambo mawili: kwamba ana sababu halali, na kwamba amefuata utaratibu wa haki. Mzigo wa kuthibitisha ni wake, si wa mfanyakazi.

Chukueni mfano wa mlinzi wa ghala anayetuhumiwa baada ya magunia kupungua. Hasira humsukuma mwajiri kumfukuza siku hiyohiyo. Wakili mwenye uzoefu humshauri aanze na uchunguzi: nani alikuwa na funguo, daftari la mizigo linasema nini, nani alikuwa zamu. Ikionekana kuna jambo la kujibu, Kanuni za Utendaji Bora za mwaka 2007 zinataka mlinzi aelezwe tuhuma kwa lugha anayoielewa, apewe muda usiopungua saa 48 wa kujiandaa, na aruhusiwe kusaidiwa na mwakilishi wa chama cha wafanyakazi au mfanyakazi mwenzake. Mwenyekiti wa kikao asiwe mtu aliyehusika na tukio.

Mchunguzi mwadilifu hatafuti wa kulaumiwa, hutafuta lililotokea. Kwa njia hiyo mwizi hukosa pa kujificha, na asiye na hatia hapotezi riziki.

Hata hivyo, haki ina muda wake. Anayeona ameachishwa kazi isivyo halali anapaswa kufikisha mgogoro Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30. Migogoro mingine, kama malimbikizo ya mishahara, ina siku 60. Tume huanza na usuluhishi. Ukishindikana, shauri huenda kwa mwamuzi. Asiyeridhika na tuzo huomba mapitio Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi.

Wengi huzimaliza siku hizo wakimsihi mwajiri awarudishe, au wakingoja ahadi ya mdomo. Chelewa chelewa, utakuta mwana si wako. Aliyechelewa hulazimika kuomba aongezewe muda kwa sababu za msingi, na si kila ombi hukubaliwa.

Basi kila mfanyakazi atunze mkataba, hati za mishahara na kila barua anayopewa, na aandike tarehe aliyoachishwa kazi. Kila mwajiri naye achunguze kabla ya kuhukumu.