Swichi ya Mtandao Nayo Hufungwa



Swichi inayozungumziwa leo si ile ya taa. Ni kisanduku chenye safu ya matundu ya nyaya, kinachounganisha kompyuta za ofisi. Kwenye zahanati, shule au ofisi ya ushuru, rekodi za mwananchi hupitia humo.

Mwezi wa Aprili 2018, wavamizi waliingilia swichi za Cisco nchini Iran na Urusi, wakafuta mipangilio yake, na mitandao ikakatika. Walipitia huduma ya usanidi iitwayo Smart Install, iliyoachwa wazi. Marekebisho ya kasoro katika huduma hiyo yalikuwa yametolewa Machi 28.

Kwa hivyo, msimamizi wa mtandao abadilishe nenosiri lililokuja na kifaa kutoka kiwandani. Azime huduma na matundu yasiyotumika. Atumie SSH badala ya Telnet, kwa maana Telnet hupitisha nenosiri bila kulificha. Wageni wanaotumia Wi-Fi watengewe mtandao wao, mbali na ule wa rekodi. Programu ya swichi isasishwe, nakala ya mipangilio ihifadhiwe mahali pengine, na kabati lipigwe kufuli.

Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inamtaka kila anayehifadhi taarifa za watu azilinde. Mkazi naye ana haki ya kuuliza taarifa zake zinalindwaje.

Usipoziba ufa, utajenga ukuta.