Mwanga Unaochungulia Mgongo

Aliyevunjika shingo ajalini huweza kuumia mara mbili: kwanza kwa kishindo chenyewe, kisha kwa ugwe mgongo, ile kamba ya neva ipitayo ndani ya pingili, kukosa damu ya kutosha siku zinazofuata. Ndiyo maana madaktari huhangaika kuipandisha presha ya mgonjwa. Lakini presha hiyo hupimwa mkononi. Damu inayofika kwenye ugwe wenyewe hubaki ya kukisia.

Hapo ndipo unapoingia mwanga wa infraredi ya karibu. Macho hayauoni, lakini hupenya ngozi na nyama, na damu yenye oksijeni huunyonya tofauti na isiyo nayo. Mwaka 1977, Frans Jöbsis wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, alionyesha kwamba unaweza kufuatilia oksijeni ya ubongo bila kupasua fuvu.

Mgongo ni mgumu zaidi. Ugwe umezama chini ya mfupa na misuli, na misuli nayo ina damu yake. Kifaa huweza kusoma ya misuli tukadhani ni ya ugwe. Huko Vancouver, Kanada, watafiti waliwafanyia nguruwe upasuaji ili kihisio kikae karibu na ugwe. Kupimia juu ya ngozi bado ni kazi ya watafiti.

Nasi wenye ngozi nyeusi tuna la kuuliza. Utafiti wa Marekani uliochapishwa 2020 ulionyesha kwamba kile kifaa cha kubana kidoleni, ambacho nacho hupima oksijeni kwa mwanga upitao kwenye ngozi, kilishindwa kugundua upungufu wa oksijeni kwa wagonjwa weusi karibu mara 3 zaidi kuliko kwa weupe. Basi kipimo hiki kipya kijaribiwe kwenye ngozi kama zetu kabla hakijaletwa hospitalini kwetu.