Kivuli na Kinyama: Mhadhara juu ya Saratani Changa ya Pafu



Atokaye alfajiri ya kipupwe kwenda kandoni mwa Ziwa Singidani, ukungu ungali umelala juu ya maji, huyaona majabali ya upande wa pili kana kwamba yamejifunika shela. Hathubutu kusema kwamba pale hapana kitu, wala kwamba pana ukuta. Katika picha za CT skani za kifua kuna kivuli cha namna hiyo hiyo, ambacho mishipa ya damu huonekana ndani yake bila kufutika, nacho kwa baadhi ya watu ndicho dalili ya kwanza ya saratani ya pafu, ilhali mwenyewe hana kikohozi wala maumivu.

Ukungu huo una asili yake. Seli za saratani iitwayo adenokasinoma aghalabu huanza kwa kutambaa juu ya kuta za vifuko vya hewa, kama mmumunye utambaavyo juu ya ua bila kuuvunja, na hewa ikabaki ndani. Mashine, isiyoweza kuutenga ukuta mwembamba na hewa iliyo kando yake, huvichanganya viwili hivyo na kutoa rangi ya kati. Seli zikishaupasua ukuta na kuchimba ndani ya nyama, kovu humea, hewa hutoweka, na katikati ya ukungu hutokea kiini cheupe.

Ilimu hii ilipatikana kwa subira ya kuweka picha na kinyama, yaani kipande kilichotolewa pafuni, ubavu kwa ubavu. Mwaka 1995 Masayuki Noguchi na wenzake wa Japani walichapa uchunguzi wao wa vivimbe 236 visivyozidi sentimita 2, wakabainisha kwamba wagonjwa ambao seli zao zilitambaa tu bila kuchimba walikuwa hai wote miaka 5 baada ya kupasuliwa.

Hata hivyo zahiri na batini havilingani daima. Vifuko vilivyobonyea na kushikamana huonekana vyeupe kama kiini, na darubini isikute uvamizi wowote. Tena pafu likitolewa kifuani husinyaa. Tabibu anayetaka kulipima sawasawa na picha hana budi kulijaza formalini, dawa ya maji ya kuhifadhia nyama, kwanza hadi lirudie umbo lake, la sivyo atapima kitu kingine.

Nasi hapa Singida tuna tatizo letu, ambalo vitabu vya ng'ambo hulipitia kwa haraka. Sekenke, katika Iramba, dhahabu imechimbwa tangu 1909, zama za Wajerumani, na vumbi la silika lililomo katika mawe yenye dhahabu limehesabiwa tangu 1997 miongoni mwa visababishi vya saratani ya pafu. Vumbi hilo hilo hukifungulia mlango kifua kikuu. Basi kifua kimoja cha mchimbaji chaweza kubeba kovu la kifua kikuu, fundo la vumbi na saratani changa, na vyote vitatu vikafanana katika picha. Kumpa mtu huyo dawa za kifua kikuu miezi 6 kwa ushahidi wa kivuli peke yake, pasipo makohozi kuthibitisha, ni kumpotezea muda ambao pengine ndio pekee alio nao. Na kumwambia ana saratani kwa ushahidi huo huo ni dhuluma isiyo ndogo kuliko hiyo.

Kwa hiyo nawasihi, waganga wenzangu wa Kiomboi, Manyoni na Makiungu: mkichukua kinyama, kitieni katika formalini mara 10 ya ujazo wake, andikeni kazi ya mgonjwa na miaka aliyovuta vumbi, na mtume picha yenyewe, si maelezo yake tu, kwa kuwa kile kinifikiacho chini ya darubini, kilichonaswa kwa sindano, ni kidogo kama punje chache za uwele, nami bila picha sina njia ya kujua kama kilitoka katika ukungu au katika kiini.