Waya wa MIDI Haubebi Sauti

(Mazungumzo tuliyotoa mbele ya vikundi vya kujisaidia vinavyokodisha vyombo vya muziki)

Tumeombwa tuseme juu ya vinanda vya stima, na hasa juu ya waya unaounganisha kinanda na chombo kingine. Labda mwingine anajiuliza, haya yanahusu nini maendeleo ya kijiji? Ngojeni kidogo tu.

Kikundi chetu kilikuwa na piano ya dijitali, ile ya vibonyezo 88, tukiikodisha kwa harusi na kwa kwaya. Sauti ya piano ilikuwa tamu, lakini watu walitaka pia ngoma na tarumbeta. Basi tukachanga pesa, tukanunua kisanduku cha sauti kilichokwisha tumika. Hicho hakina vibonyezo; ndani yake mna sauti za ala nyingi, zinangoja kuamriwa. Tukachomeka waya, tukawasha stima, tukabonyeza. Kimya! Fundi tuliyemwita akasema kimekufa. Mweka hazina wetu alikuwa amekwisha pata mtu wa kukinunua kwa nusu ya bei, na wanachama walikuwa wameanza kunung'unika, kwa maana pesa zile zilikuwa jasho lao. Aliyetuokoa ni kijana mmoja wa kwaya. Kisanduku kilikuwa kizima kabisa. Makosa yalikuwa yetu.

Kosa la kwanza, tulidhani waya wa MIDI hubeba sauti. Haubebi sauti hata kidogo, hubeba maagizo. Ukibonyeza, piano hutuma ujumbe mfupi: noti fulani imebonyezwa, na nguvu ya kidole ni kiasi hiki, hesabu ikifika hadi 127. Ukiinua kidole, ujumbe mwingine unakwenda: noti ile imeachwa. Ni kama mwalimu wa kwaya anapopunga mkono. Mkono wenyewe hauimbi! Mwimbaji ni chombo cha upande wa pili, na sauti yake inatoka kwa matundu yake mwenyewe ya sauti. Sisi spika tuliunganisha na piano peke yake, kwa hiyo hata kama maagizo yangefika, nani angesikia?

Lakini hata hayo maagizo hayakufika, na hilo ndilo kosa la pili. Nyuma ya vyombo hivi kuna matundu ya mviringo yenye vishimo vitano. Moja limeandikwa IN, jingine OUT, na mara nyingine kuna la tatu, THRU. OUT hutoa maagizo, IN huyapokea, na THRU hupitisha nakala ya yale yaliyoingia ili yaende kwa chombo cha tatu. Sisi tulichomeka OUT kwa OUT. Ni kama watu wawili wanaosema kwa pamoja na hakuna anayesikiliza. OUT ya piano iende kwa IN ya kisanduku, basi. Na waya usizidi mita 15.

Mkifanya hivyo na bado ni kimya, angalieni chaneli. Waya mmoja una chaneli 16, sawasawa na stesheni za redio. Piano ikituma kwa chaneli ya 1 na kisanduku kinasikiliza ya 2 tu, hamtapata kitu. Tena, tangu mapatano ya mwaka 1991 yaitwayo General MIDI, chaneli ya 10 imewekewa ngoma. Tuliwahi kuisahau hapo, na wimbo wa bibi arusi ukatoka kama mtu anayeangusha sufuria jikoni.

Mtauliza, yawezekanaje chombo cha kampuni moja kielewane na cha kampuni nyingine? Zamani vilikuwa havielewani. Dave Smith wa Marekani na Ikutaro Kakehashi wa Japani, waliokuwa washindani sokoni, walishawishi watengenezaji wenzao wakubali lugha moja. Januari 1983, kwenye maonyesho ya biashara huko California, Prophet-600 ya Smith iliunganishwa na Jupiter-6 ya kampuni ya Roland, zikaelewana. Lugha hiyo ilitolewa bila ada kwa kila mtengenezaji. Ndiyo sababu kisanduku cha zamani bado kinaweza kuitika piano ya leo.

Hapo lakini mkae macho. Piano nyingi za siku hizi hazina tena matundu ya mviringo, zina tundu dogo la mraba la USB. Hilo ni la kuunganisha na kompyuta au simu. Halitaongea na kisanduku cha zamani moja kwa moja. Kwa hiyo kabla kikundi hakijalipa hata shilingi, tazameni nyuma ya vyombo vyote viwili. Afadhali mbebe piano yenu hadi kwa muuzaji, mkajaribu hapo hapo. Sisi hatukufanya hivyo.

Mkichomeka, vyombo viwe vimezimwa. Spika iwashwe mwisho, na wakati wa kufunga izimwe kwanza, isije ikapasuka kwa ule mshindo. Waya wetu tunaufungia kwenye kasha, na kila ncha tumeibandika karatasi: PIANO OUT, KISANDUKU IN.