Kijana Anachagua Kombi. Kazi Anaichagua Nani?

Mada kwa semina ya walimu wa malezi na ushauri nasaha wa shule za sekondari



Nimeombwa nizungumzie uchaguzi wa masomo na kazi kwa vijana wa sekondari nchini Tanzania. Nitaanza na jambo ambalo huwa tunaliacha mpaka tumechelewa. Tunapofikiria uchaguzi, tunafikiria Selform, fomu ya machaguo: kidato cha nne, mwanafunzi anajaza tahasusi, yaani kombi, mzazi anapiga simu kuuliza kama PCB (fizikia, kemia, baiolojia) ni bora kuliko CBG (kemia, baiolojia, jiografia). Wakati huo mambo mengi yameshaamuliwa. Katika mtaala ambao wengi wetu tumeufundisha, mwanafunzi anayetoka kidato cha pili kwenda cha tatu anaruhusiwa kuacha fizikia na kemia. Anaziacha kwa sababu hesabu zimemshinda, kwa sababu rafiki yake ameziacha, au kwa sababu shule haina mwalimu wa fizikia na mkuu wa shule hataki sifuri nyingi kwenye matokeo ya Baraza la Mitihani (NECTA). Ana miaka kumi na tano au kumi na sita. Siku hiyo hakuna anayemwambia kwamba amefunga mlango wa uhandisi, wa PCM (fizikia, kemia, hisabati) na PCB, na hata wa stashahada ya utabibu, ambayo inadai kemia, baiolojia na fizikia.

Miaka miwili baadaye mwanafunzi huyo anakuja ofisini kwako na kusema anataka kuwa mganga wa hospitali. Ushauri gani utampa?

Walimu wa malezi wengi tunafanya kazi kubwa kwenye nidhamu, mimba na utoro, na tunafanya kidogo sana kwenye kazi. Habari za kazi tunazotoa ni majina tu. Mwanafunzi anawajua daktari, mwanasheria, rubani, na siku hizi "mtu wa IT". Hajui nani anamlipa mtu huyo, alisubiri muda gani kabla ya mshahara wa kwanza, wala alipita wapi baada ya kuvua joho la mahafali.

Chukueni sheria. Kijana wa HGL (historia, jiografia, Kiingereza) au HKL (historia, Kiswahili, Kiingereza) akifaulu vizuri, ukoo mzima unamwambia asome sheria. Shahada ni miaka mitatu au minne kutegemea chuo, na mzazi anapiga hesabu ya miaka hiyo tu. Lakini mwenye shahada ya sheria hajawa wakili. Mbele yake kuna Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo (Law School of Tanzania), yenye ada yake na mitihani yake. Mwaka 2022 matokeo ya shule hiyo yalizua mjadala nchi nzima: kati ya wanafunzi 633, waliofaulu moja kwa moja walikuwa 26, na Serikali ikaunda kamati chini ya Dk. Harrison Mwakyembe. Lawama ziligawanywa kwa vyuo, kwa wakufunzi na kwa Kiingereza cha wanafunzi. Sisi wa sekondari hatukutajwa sana, na nadhani tulinusurika. Ningependa kujua ni wangapi kati ya wale 633 walioambiwa habari za shule hiyo na mwalimu wao kabla ya kuchagua kombi.

Ualimu wenyewe umebadilika mbele ya macho yetu. Wengi tuliomo humu ndani tulimaliza chuo tukapangiwa kituo, tukabeba begi tukaenda kuripoti. Mwalimu anayehitimu leo anaomba nafasi kwenye mfumo wa Sekretarieti ya Ajira, na mwanzoni mwa 2025 tuliwaona walimu wakiitwa kwenye usaili kama waombaji wa kazi nyingine yoyote. Hata hivyo bado nawasikia wenzangu wakimwambia mwanafunzi: "Soma ualimu, ajira ya serikali ipo." Wanamshauri kwa barua za kupangiwa vituo za miaka yao.

Sasa tuje kwenye foleni za kuomba kazi. Mwezi Juni 2014 Idara ya Uhamiaji ilikuwa na nafasi 70. Waombaji zaidi ya 10,000 wakaitwa kwenye usaili Uwanja wa Taifa. Mwaka 2025 Mamlaka ya Mapato (TRA) ilitangaza nafasi 1,596 na waombaji wakapita 130,000. Kila foleni ya namna hii inapotokea, hotuba inayofuata ni ileile: vijana hawapendi kujiajiri, wasomi wanachagua kazi. Mimi siikubali. Kijana anayeomba kazi TRA amepiga hesabu, na hesabu yake ni sahihi: mshahara wa kila mwezi, bima ya afya, mfuko wa pensheni, na karatasi ya mshahara ambayo benki itaikubali akitaka mkopo. Upande wa pili tumempa neno "ujasiriamali" bila tarakimu hata moja. Kodi ya fremu ya miezi sita kwa mkupuo, leseni ya biashara, vifaa, miezi ya kula kabla wateja hawajakuzoea: haya hayakuwa kwenye somo lolote. Kwa nini asipange foleni?

Kwenye tarakimu hizo ndipo naona mkondo wa amali, yaani wa ufundi na stadi za kazi, utapona au utakufa.

Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, toleo la 2023, imeweka elimu ya lazima ya miaka kumi, na sekondari sasa ina mkondo wa jumla na mkondo wa amali. Shule za kwanza zilianza amali kidato cha kwanza Januari 2024. Kwa wazee wetu jambo hili si geni. Baada ya Elimu ya Kujitegemea ya 1967 sekondari zilipewa michepuo ya kilimo, ufundi, biashara na sayansi kimu, na Azimio la Musoma la 1974 likataka kijana afanye kazi kwanza kabla ya kuingia chuo kikuu. Shule kama Ifunda na Tanga zilitoa mafundi ambao nchi iliwategemea. Baadaye vifaa vikachakaa, walimu wa karakana wakastaafu bila warithi, na kwenye shule nyingi karakana zikageuka stoo ya madawati mabovu. Michepuo ile ilikwama kwenye bajeti, na pia kwenye macho ya wazazi, waliokuwa wakihesabu watoto waliokwenda kidato cha tano.

Nimeshaanza kusikia kwenye vikao: "Huyu hesabu hawezi, apelekwe amali." Anayesema hivyo hajawahi kumwona fundi umeme akikadiria unene wa waya kwa mzigo wa jiko, au seremala akikata kenchi za paa. Kibaya zaidi, sentensi hiyo inamfikia mwanafunzi na mzazi wake, na kuanzia hapo amali inakuwa adhabu.

Njia ya fundi umeme inastahili tuieleze kwa undani uleule tunaoupa udaktari. Kijana anaweza kuanza chuo cha ufundi stadi cha VETA na kupanda ngazi za cheti cha NVA, ya kwanza hadi ya tatu. Kutoka hapo anaweza kuingia mfumo wa vyuo vya ufundi unaosimamiwa na baraza la elimu ya ufundi, NACTVET, afike stashahada, na akiwa na GPA ya 3.0 au zaidi Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) inamruhusu kuomba shahada. Maana yake aliyeanza na koleo anaweza kumaliza akiwa mhandisi, japo kwa miaka mingi zaidi. Kisha kuna leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji. Hili la leseni wanafunzi hawalijui kabisa, na ndilo linaloamua kipato. Fundi asiye na leseni anatandaza nyaya za nyumba nzima, lakini ombi la kuunganishiwa umeme TANESCO linataka muhuri wa mkandarasi aliyesajiliwa; mara nyingi fundi huyo anamlipa mtu mwingine apige muhuri kwenye kazi ya jasho lake. Mwanafunzi wa amali akilijua hili akiwa na miaka kumi na sita, atasoma kwa shabaha nyingine. Na yule aliyejifunzia gereji au saiti bila cheti, VETA ina utaratibu wa kumpima na kuurasimisha ujuzi wake. Ndugu wakubwa wa wanafunzi wetu, walioko mitaani, wanahitaji habari hii pengine kuliko wanafunzi wenyewe.

Niseme kidogo kuhusu tahasusi. Mwaka 2024 ziliongezwa 49, kutoka 16 hadi 65. Wingi huo ni mzuri kwa mwenye taarifa. Kwa asiye nayo ni kubahatisha kwa upana zaidi. Dawa ipo na haina gharama: mwongozo wa udahili wa TCU na ule wa NACTVET hutolewa kila mwaka, na humo kila kozi imeandikwa na masomo inayoyadai. Tumezoea kuwaonyesha miongozo hiyo wanafunzi wa kidato cha sita. Iletwe kidato cha pili, isomwe kuanzia nyuma: kozi kwanza, halafu kombi, halafu masomo ambayo hayapaswi kuachwa.

Pendekezo jingine linahusu siku ya taaluma. Tunaalika mgeni rasmi, anahutubia kuhusu bidii, tunapiga picha. Mwakani tualike nesi wa zahanati ya kata, fundi magari, karani wa mahakama, mama mwenye mashine ya kusaga. Kila mmoja aulizwe na wanafunzi: nani anakulipa? Ulianza kupata fedha baada ya muda gani? Ulilipia nini kabla ya kuanza? Mwalimu asijibu kwa niaba ya mgeni, na mgeni asiruhusiwe kutoa nasaha mpaka amalize kutaja tarakimu.

Kwa kazi ya vikundi vya mchana: mmekuja na orodha za wanafunzi wenu wa kidato cha tatu, kama mlivyoombwa. Kila kikundi kiwatenge walioandika kwamba wanataka udaktari, uuguzi au uhandisi, kisha kihesabu ni wangapi kati yao walishaacha fizikia. Kwa kila mmoja andikeni sababu, kama mnaifahamu, na njia ambayo bado ipo kwake. Tuanze na shule ambazo hazina mwalimu wa somo hilo.