LAND ROVER YA USHIRIKA: TUIFUNGUE KWANZA, MIZANI BAADAYE

(Maneno ya fundi wetu mbele ya mkutano wa wanachama. Yamebandikwa hapa kwa ajili ya wale ambao hawakufika.)

 

Mwenyekiti amenipa nafasi nieleze habari ya lile gari lililolala nyuma ya ghala, chini ya mwembe. Wote mnalijua. Kuku wanataga humo, watoto wanacheza udereva humo, na juzi kijana mmoja kakuta nyoka chini ya kiti. Sasa amekuja mnunuzi wa chuma chakavu, katoa bei moja ya kilo kwa gari zima, na wengine wenu mmeshaanza kuzigawa hizo fedha vichwani. Mimi naomba tumwambie asubiri.

Ile ni Land Rover 109, Series III, aina iliyotengenezwa Uingereza kati ya mwaka 1971 na 1985. Land Rover si kama magari mengine. Zilipoanza kutoka mwaka 1948 Uingereza ilikuwa imetoka vitani, chuma kilikuwa cha mgao, lakini alumini ilipatikana. Basi wakafanya bodi ya alumini, na desturi hiyo ikaendelea. Ndiyo maana ukiangalia boneti na madigadi, rangi imekwisha lakini bati halijaliwa na kutu. Kilichooza ni chesi, kwa kuwa chesi ni chuma, na inaoza kwa ndani ambako tope na maji hukaa. Nendeni mgonge kwa nyundo mtasikia wenyewe. Pazima panalia kama kengele, palipooza panajibu kama debe la mchanga.

Sasa bwana huyu anataka kupima alumini kwa bei ya chuma! Alumini ina bei yake, na iko juu ya chuma. Rejeta ile ni ya shaba, na ndani ya stata na alternata mna shaba, nayo ni ghali zaidi. Simlaumu, yeye ni mfanyabiashara. Lakini tukikubali tutakuwa tumempa shaba kwa bei ya misumari.

Halafu kuna vipuri. Injini imekwama, nimejaribu kuizungusha kwa hendeli ikakataa, kwa hiyo siwaahidi kitu juu ya injini mpaka tuifungue. Gia boksi ni habari nyingine. Nilitoa oili kidogo nikaipaka kidoleni, haina chembe za chuma, na gia zote zinaingia. Ziko Land Rover za namna hii zinazotembea mpaka leo, na wenye nazo wanahangaika kutafuta gia boksi, difu, vioo na hata kishikio cha mlango. Kitu hicho hicho kwa mnunuzi wa chakavu ni kilo tu. Najua kwa sababu mimi mwenyewe, nilipokuwa kijana, niliuza gia boksi nzima kwa kilo. Wiki ya pili nikaiona gereji mjini imesafishwa, inauzwa kwa bei ambayo nisingeweza kuinunua tena.

Lakini kitu ninachokitaka hasa kwa ajili yetu sote ni ekseli ya nyuma. Kila msimu akina mama wanabeba magunia kichwani kutoka shambani mpaka ghalani, na mkokoteni wetu wa magurudumu ya mbao umevunjika mara ngapi? Ekseli ya Land Rover ina jambo moja zuri. Uzito wa gari haukai juu ya hafu shafti, unakaa juu ya bomba la ekseli, na gurudumu linazunguka kwenye beringi zake lenyewe. Maana yake unaweza kuzichomoa hafu shafti zote mbili, gurudumu likabaki mahali pake na kuzunguka kwa wepesi. Tutazitoa, tutatoa na matumbo ya difu ili kupunguza uzito, tutasafisha beringi kwa dizeli na kuzijaza grisi mpya. Tundu la habu tutaliziba vizuri kwa bati, la sivyo vumbi litazila beringi mwaka huu huu. Ringi ni za inchi 16, tairi zake bado zinapatikana. Juu tunafunga kitanda cha mbao, mbele tunaweka mti wa kufungia maksai. Springi zile nzito nazo tusiziuze. Muulizeni mhunzi yeyote panga zuri linatoka wapi.

Kuhusu kazi yenyewe, vijana nisikilizeni. Nati za gari lile ni za inchi. Ukija na spana ya milimita itaingia kwa kulegea, utaizungusha nati kichwa mpaka iwe duara, na hapo utakuwa umebaki na tindo na majuto. Nati zenye kutu hazifunguliwi kwa hasira. Kwaruza kwa brashi ya waya, weka dizeli iliyochanganywa na oili, acha mpaka kesho, weka tena. Ikigoma unaipasha moto halafu unagusisha mshumaa, nta inayeyuka na kuingia kwenye meno. Na kwenye fimbo za usukani angalieni, ncha moja ina meno ya kushoto. Nimeona wanaume wawili wakiikaza ile nati asubuhi nzima wakidhani wanaifungua.

Moto nimeutaja, basi niseme na hili. Hakuna moto wala gesi mpaka tangi la mafuta limeondolewa na kupelekwa mbali. Msiniambie ni tupu. Tupu ndiyo mbaya zaidi, maana limejaa mvuke. Mwenzangu mmoja alilichomelea tangi lililokaa bila mafuta kwa muda mrefu, na mkono wake wa kulia haukurudi kama ulivyokuwa. Gari likiinuliwa litakaa juu ya magogo mazito, si juu ya jeki peke yake na si juu ya tofali. Vumbi la breki msilipulize kwa mdomo; breki za magari ya zamani zilikuwa na asbesto, inaharibu mapafu. Mwagieni maji kwanza. Betri asiivunje mtu kutafuta risasi, ni sumu, hasa kwa watoto. Oili chafu iingie kwenye madumu, isimwagwe upande wa kisima.

Na kabla ya yote hayo, mali hii si yangu wala ya mwenyekiti. Naomba mkutano uamue na uamuzi uandikwe kwenye muhtasari. Kadi ya gari iko kwa katibu. Ipelekwe TRA gari lifutwe kwenye daftari lao kabla hatujakata chesi. Kila kitakachofunguliwa kiandikwe: ni kitu gani, nani kakifungua, kimewekwa wapi. Ufunguo wa stoo ukae kwa mama mweka hazina, si kwangu. Nasema hivyo mapema kwa sababu vipuri vina miguu, na sitaki mwezi ujao tuanze kutazamana.

Mkikubali, Jumamosi saa moja asubuhi nitakuwa pale na spana zangu. Nahitaji vijana sita, magogo manne, madumu matatu matupu, na mtu mmoja mwenye mwandiko wa kusomeka. Na mwenye kuku wanaotaga kwenye kiti cha nyuma awahamishe kabla ya Ijumaa jioni.