Fangasi Mkazi wa Kinywa



Chukueni mtu mzima mwenye afya. Amepiga mswaki asubuhi, wa mti au wa dukani, na hana jino linalomuuma. Tukipangusa ulimi wake kwa pamba safi, tukaipaka kwenye kisahani cha kuoteshea fangasi na kukiacha penye joto siku mbili, mara nyingi tutakuta madoa ya rangi ya maziwa yameota, laini, yananukia mkate unaoumuka. Huyo ni Candida albicans, wa jamii ya hamira. Tafiti hutofautiana, ila nyingi humkuta kwa theluthi hadi nusu hivi ya watu wazima wasio na ugonjwa wowote.

Mtu huyo haumwi, na hahitaji dawa. Nalisema kwa mkazo kwa sababu wapo wanaokimbilia nystatin kila wanapoona ulimi umepauka kidogo. Nystatin ni dawa nzuri, na Elizabeth Hazen na Rachel Brown waliotutolea dawa hiyo kwenye udongo, wakaitangaza mwaka 1950, wanastahili heshima yetu. Lakini haina kazi katika kinywa kilichotulia.

Kinachomtuliza fangasi ni mate. Kwa siku tunatoa kati ya nusu lita na lita moja na nusu, na ndani yake zimo protini ziitwazo histatini zinazomuua. Bakteria nao wanamnyima nafasi, ndiyo maana akimaliza dozi ndefu ya antibayotiki mtu anaweza kuota utando mweupe. Usiku mate hupungua karibu kukauka.

Hapo ndipo meno ya bandia yanaponitia wasiwasi. Bamba la plastiki limefunika kaakaa lote, mate hayafiki chini yake, na mwenyewe analala nalo kwa kuona haya kuonekana kibogoyo hata na mkewe. Mwambie alivue, umulike kaakaa: utaona wekundu uliofuata umbo la bamba lile, mpaka kwenye ukingo wake, kama uliochorwa kwa kalamu. Mara nyingi hauumi, kwa hiyo haulalamikiwi. Bamba lisuguliwe kwa sabuni na brashi laini, maana dawa ya meno yenye chengachenga hulikwaruza na fangasi hujibanza kwenye mikwaruzo. Kisha lilale ndani ya maji, nje ya kinywa. Kwa wazee wengi hilo hufanya kazi kubwa kuliko dawa.

Hatari huanza fangasi anapobadili umbo. Maabarani tunaliona kwa macho: tone la majimaji ya damu, nyuzi joto 37, na ndani ya saa tatu chembe ya duara imechomoza mrija mwembamba. Nyuzi za namna hiyo ndizo zinazopenya ngozi ya ndani ya kinywa, na mwaka 2016 ilibainika kwamba hutoa sumu, kandidalisini, inayotoboa seli zetu.

Kwa hiyo swali la kuuliza ni hili: nini kimebadilika kwa mwenye kinywa? Anayevuta dawa ya pumu yenye steroidi asukutue kwa maji kila mara, ateme. Mvutaji sigara aambiwe ukweli. Lakini utando unaofutika kwa kitambaa na kuacha wekundu, kwa mtu mzima asiye na sababu hizi, usipuuzwe. Wanaume watano wa Los Angeles walioandikwa katika taarifa ya Juni 1981, ya kwanza kuhusu kile tulichokuja kukiita UKIMWI, wote walikuwa na maambukizi ya fangasi huyu. Wanafunzi wangu, mgonjwa wa namna hiyo apimwe sukari na VVU siku hiyohiyo, hata kama mmeshampa dawa ya kinywa.